Muulize Babu: Haramia Aliyenyongwa kwa Kofia

SWALI: Shikamoo Babu. Nimesoma kwamba mwanamke wa mwisho kunyongwa Massachusetts, Marekani, alikuwa haramia, Rachel Wall. Eti alikuwa akisimama kwenye sitaha ya skuna (meli ya matanga) na kupiga mayowe ya kuomba msaada; mabaharia wakija kumwokoa, wanauawa. Ni kweli?
— Msomaji wa kike, miaka 19

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kunyongwa alinyongwa, tarehe 8 Oktoba 1789, pale Boston Common, pamoja na wanaume wawili. Hati ya kumnyonga ilitiwa saini na Gavana John Hancock, yule yule mwenye saini kubwa kwenye Azimio la Uhuru wa Marekani. Lakini kesi haikuwa ya uharamia. Alishtakiwa kumpora Margaret Bender kofia barabarani. Thamani yake shilingi 7! Kwa sheria ya wakati ule, unyang'anyi wa njiani ulikuwa kosa la kitanzi.

Jioni ya kuamkia siku hiyo alisimulia maisha yake, yakaandikwa na kuchapwa. Hapo ndipo mimi hurudi kusoma kila mara. Anasema mwaka 1787 alipanda meli usiku kwenye gati la Long Wharf, akawakuta nahodha na msaidizi wake wamelala fofofo. Chini ya kichwa cha nahodha kulikuwa na leso nyeusi ya hariri, na ndani yake dhahabu na fedha, zaidi ya pauni 30. Akaichomoa, asiamshe mtu. Huyo si haramia wa mizinga, ni mwizi wa kunyata. Safari nyingine mumewe akiwa gerezani, akamwokea boflo lenye vifaa vya kuvunjia. Askari jela mwenyewe ndiye aliyelipokea na kumpelekea.

Skuna na mayowe? Katika maungamo hayo hamna. Na huyu ni mtu aliyefika mahali pa kumsafisha Dorothy Horn, kilema aliyechapwa viboko kwa wizi wa Rachel mwenyewe. Angeficha uharamia kwa faida gani, na kamba inamngoja kesho yake? Kofia tu ndiyo aliyoikana mpaka mwisho. Mimi namwamini.

Ukitaka wanawake waliohukumiwa kwa uharamia hasa, rudi nyuma hadi Jamaika, tarehe 28 Novemba 1720, kesi ya Anne Bonny na Mary Read. Wote wawili waliponea kitanzi kwa kuwa wajawazito, ingawa Mary alifia gerezani. Shahidi mmoja, Dorothy Thomas, aliyeporwa akiwa kwenye mtumbwi wake, alieleza walivyovaa jaketi na suruali ndefu za kiume, vitambaa kichwani, kila mmoja na panga na bastola. Alisema wanawake hao ndio waliowahimiza wenzao wamuue, asije akawatolea ushahidi. Wenzao hawakumuua, naye akaja kuutoa.