Jiko la Wasomaji: tambi za dengu, kachori ya mbaazi mbichi na chauro

Barua nyingi za safari hii zimetoka Lindi na Mtwara, na zinauliza vitafunio vya Kigujarati, yaani vya jimbo la Gujarat, India. Tumejibu nne.

*Habari za kazi. Nauza tambi za dengu hapa Lindi mjini. Natia unga wa dengu, manjano, chumvi, pilipili na maji, lakini zinatoka ngumu, wateja wanalalamika. Nilipozidisha bekingi soda zikawa nyekundu na zina ladha ya sabuni. Nifanyeje? – Muuza vitafunio, Lindi*

Dada, suala la soda liache kwanza. Kinachokosekana kwenye unga wako ni mafuta. Unga wa dengu ukikandwa kwa maji matupu hushikana, na ukikaangwa hukauka ukiwa umeshikana vile vile. Mafuta yakiingia katikati yake ndipo tambi inavunjika mdomoni bila kutafutana na meno.

Kwa nusu kilo ya unga uliochekechwa, chukua mafuta mililita 100, maji mililita 150, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, na bekingi soda nusu kijiko cha chai. Mafuta, maji, chumvi na soda vianze pamoja kwenye bakuli. Vipige kwa mchapo dakika mbili tatu hadi viwe vyeupe kama tui. Hapo ndipo utie mbegu za ajwani kijiko cha chai kimoja ulizozifikicha viganjani, pilipili manga ya kupondwa kiasi hicho hicho, mvuje robo kijiko, kisha unga kidogo kidogo. Ukimimina mafuta juu ya unga mkavu, mengine yatabaki mabonge na tambi zitatoka nusu laini nusu ngumu. Donge linalofaa ni laini, linanata kidogo, na ukipaka mkono mafuta linaachia.

Mashine ikamulie moja kwa moja juu ya karai, moto wa wastani. Tazama povu. Tambi zikiingia, mafuta huchemka kwa kelele kwa sababu maji yanatoka. Geuza mara moja tu, subiri povu lipungue na kelele itulie, kisha opoa. Ukiopoa povu likiwa bado kubwa, zitapendeza jioni na kulegea asubuhi. Zikisambaratika ndani ya karai, mafuta au soda imezidi kwenye donge.

Wekundu umetokana na manjano: yakikutana na soda nyingi hugeuka rangi. Ganthia za mji wa Bhavnagar huko Gujarat, ambazo ndizo dada wa tambi zako, hubaki na rangi ya dengu yenyewe, na zinavutia hivyo. Huliwa na papai bichi, nalo Lindi halikosekani. Likune, kaanga haradali nusu kijiko cha chai mpaka ipasuke, tia manjano kidogo, pilipili mbichi na papai, geuza dakika mbili, zima moto, kamulia limau. Uza pamoja na tambi.

*Nimesikia Wagujarati wana kachori ya mbaazi mbichi. Huku kwetu mbaazi tunachemsha na maganda yake tu. Naomba maelezo kamili. – Msomaji, Newala*

Hii barua imetufurahisha. Mbaazi kavu za kusini hupakiwa na kupelekwa India, lakini mbichi, ambazo Gujarat huzisubiri mpaka baridi ya Desemba na Januari, ninyi mnazo shambani. Kachori hii si ile ya viazi tuliyoizoea. Ganda lake ni la unga wa ngano.

Chuma mbaazi zikiwa kijani na zimejaa, kabla ganda halijaanza kukauka. Zikikomaa mno huwa na ungaunga na utamu wake hupotea. Menya upate vikombe viwili, twanga kwenye kinu zibaki chengachenga. Zisiwe uji.

Pasha mafuta vijiko vitatu vya chakula, tia ufuta kijiko kimoja cha chakula, ukianza kurukaruka tia mvuje kidogo, tangawizi na pilipili mbichi nne zilizopondwa, kisha mbaazi na chumvi. Pika moto mdogo dakika kumi hadi kumi na mbili ukigeuza, mpaka zisiwe na unyevu wa kuonekana. Epua, changanya nazi ya kukuna vijiko vitatu, sukari kijiko kimoja cha chakula, maji ya limau kiasi hicho hicho, na kotmiri. Onja: utamu, uchachu na ukali vyote visikike, pasiwe na kimoja kinachomeza vingine. Msipunguze sukari kwa kuogopa. Bila hiyo limau na pilipili hubaki zinapigana.

Ganda ni unga vikombe viwili, mafuta vijiko vitatu vya chakula, chumvi, na maji ya kukanda donge gumu kiasi. Lipumzike nusu saa. Sukuma viduara, weka mbaazi zilizopoa kabisa, kusanya kingo, finya, nyonga kichwa cha juu na ukikate. Mbaazi za moto hutoa mvuke, na mvuke ndio unaopasua kachori ndani ya mafuta.

Kaanga taratibu, dakika nane hadi kumi. Kipande cha donge kikidondoshwa kinatakiwa kupanda juu polepole. Kikiruka mara moja, mafuta ni ya moto mno: ganda litaota malengelenge, litawiva rangi tu, na ndani litabaki bichi.

*Chauro yangu inalegea siku ya pili. Natia maji ya ndimu ipate uchachu. Ni hali ya hewa ya Mtwara? – Msomaji, Mikindani*

Kwa asiyeijua, chauro ni mchanganyiko mkavu wa viazi vya njiti, korosho, njugu na dengu. Hewa ya pwani inachangia, ila maji ya ndimu ndiyo yanayoiharibu kabla hata hewa haijafika. Tumia ndimu ya unga (citric acid), robo kijiko cha chai kwa kilo moja, usage pamoja na sukari. Viazi ukishavikata njiti, suuza mpaka maji yatoke safi, kausha juu ya kitambaa, ndipo ukaange. Korosho, njugu na dengu kila kimoja peke yake, kwa sababu haviivi kwa wakati mmoja.

Chumvi na pilipili nyunyiza vikitoka tu kwenye mafuta, vishike. Sukari na ndimu ya unga ngoja hadi chauro iwe vuguvugu. Ikiwa ya moto sana sukari huyeyuka na kunata. Usifunge mfuko mpaka ipoe kabisa. Iliyokwisha kulegea irudishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika kumi. Ikiwa njugu zinanuka mafuta ya zamani, hiyo haiokoleki, itupe.

*Dhokla langu lina madoa mekundu. – Msomaji, Masasi*

Soda haikuchanganyika vizuri kwenye dhokla, yaani mkate wa dengu wa mvuke, ikakutana na manjano mahali pamoja. Ichekeche, ikoroge na kijiko kimoja cha maji, itie mwishoni kabisa, koroga upande mmoja kwa sekunde chache, na uweke kwenye mvuke hapo hapo. Manjano yawe chembe tu.