Unapoomba Kazi ya Mbali Ukiwa Kigoma, Usiifiche Kigoma

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja wa Kasulu, mhitimu wa chuo: "Shikamoo dada. Nimeomba kazi za mtandaoni tangu mwaka jana na sijajibiwa, hata kwa kukataliwa. Au ni kwa sababu nipo huku?" Nilimwomba anitumie mojawapo ya barua zake, na nilipoifungua niliona kwamba mahali pa anwani ameandika Dar es Salaam. Ninamjibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mnatafuta kazi hizohizo, na baadhi yenu mmeandika Dar es Salaam pia.

Uchungu unaomfanya mtu aandike hivyo ninaufahamu. Kabla sijapata kazi niliyo nayo sasa, kampuni moja ya ng'ambo iliyotangaza kwamba inapokea waombaji kutoka popote duniani ilinipa jaribio, ikalisifu, ikaniita kwenye usaili, kisha ikaniuliza ninaishi mji gani. Nilipoitaja Kigoma, msaili aliitafuta kwenye ramani huku mimi nikisubiri, halafu akasema kwamba wanahitaji mtu aliye katika mji mkubwa. Hakuniuliza nafanya nini umeme unapokatika, wala intaneti yangu ikoje. Jambo hilo bado linaniuma. Hata hivyo, ndilo lililonionyesha kinachomsumbua mwajiri wa namna hii: anakwenda kumlipa mtu ambaye huenda hatamwona kwa macho, katika nchi asiyoijua, na hofu yake kubwa ni kwamba mtu huyo atapotea hewani wiki ya kwanza. Mwombaji anayeonekana miongoni mwa mamia ni yule anayeiondoa hofu hiyo kwa maandishi kabla hajaulizwa, na mwenye kuficha mahali alipo hawezi kuiondoa.

Nilikuwa karani kwa wakala wa mizigo hapa bandarini, mizigo ya kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kutwa nzima nilikuwa nikijibu simu na ujumbe wa wafanyabiashara ambao saruji yao imechelewa, au ambao hesabu ya magunia yao haikulingana na hati, wengine wakizungumza Kiswahili chetu, wengine cha Kongo, wengine Kirundi, ambacho sisi tuliokulia katika Kiha tunakisikia bila shida. Watu wengi wangeiandika kazi hiyo kwenye wasifu kwa neno moja, karani. Mimi niliandika ni wateja wa namna gani niliowahudumia, walilalamikia nini, na malalamiko hayo niliyamaliza vipi. Niliandika pia kwamba nilijifunza hayo Kigoma, kwa kuwa ni vigumu kujifunzia mahali pengine.

Kampuni niliyoiomba, ambayo ndiyo ninayoifanyia kazi sasa, iko Uingereza na inatengeneza programu ya simu ya kutunzia mahesabu ya maduka. Kabla sijaandika barua niliipakua, nikaitumia, kisha nikasoma maoni ambayo wateja wake huyaacha hadharani pale inapopakuliwa. Kulikuwa na malalamiko ya Kiswahili, mengine dhahiri ya watu wa ng'ambo ya ziwa, yaliyokaa muda mrefu bila jibu. Nilichagua machache, nikayajibu kama ambavyo ningemjibu mteja mwenyewe, na chini ya kila jibu nikaeleza ni taarifa gani ningewapelekea mafundi ili tatizo lisijirudie. Kazi yote ilikaa katika ukurasa mmoja, nami nikauambatisha na barua fupi. Katika usaili tuliuzungumzia ukurasa huo karibu muda wote, na shahada yangu haikuguswa. Nasema hivi kwa fahari, kwa kuwa hakuna mtu aliyenishika mkono.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa hakika ndio ushauri wenyewe, ni kwamba upeleke kazi iliyofanyika pamoja na maombi. Ukiomba kazi ya kuandaa mahesabu, tengeneza jedwali la duka la kubuni na ueleze ulivyolipanga. Ukiomba kazi ya kunakili sauti, nakili dakika chache za mazungumzo yaliyo wazi kwa umma. Anayesoma aone mikono yako ikifanya kazi.

Barua yangu ilikuwa pia na aya moja kuhusu mazingira yangu, na aya hiyo ninaitetea mpaka leo. Nilieleza kwamba nina laini za kampuni mbili tofauti za simu, kwamba kompyuta na rauta vinaendelea kwa betri umeme unapokatika, na kwamba mtandao ukinipotea kabisa nitatuma ujumbe mfupi wa kawaida kwa namba watakayonipa. Huenda ahadi hii ikaonekana ndogo, lakini Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikazorota nchini, laini zangu mbili hazikunisaidia kitu, kwa kuwa kampuni zote mbili zilikuwa zikitegemea njia hizohizo. Msimamizi wangu alipata ujumbe wangu mfupi, akapanga mtu mwingine wa kushika zamu, na hakuna aliyenidhania vibaya. Andika ulichonacho kweli, usiandike ulichokopa kwa rafiki siku ya usaili.

Kuhusu saa, usiandike tu kwamba uko tayari muda wowote, kwa maana kila mwombaji ameandika hivyo. Fanya hesabu na uionyeshe. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha: ofisi ya London inayofunguliwa saa 3 asubuhi kwao, kwetu ni saa 6 mchana wakati wa baridi yao na saa 5 asubuhi wakati wa kiangazi chao. Kwa New York, saa hiyohiyo ni saa 11 jioni au saa 10 jioni kwetu, kwa hiyo siku yao ya kazi inakwisha usiku wetu ukiwa umekwenda sana. Mwezi Machi Marekani hutangulia kubadilisha saa, Uingereza hufuata Jumapili ya mwisho ya mwezi, na katika majuma hayo ya katikati watu wengi hukosa usaili. Mwombaji anayetaja saa kwa majira ya pande zote mbili ameshaonyesha kwamba anaweza kufanya kazi na watu wa mbali.

Siku hizi msimamizi wangu hunipa maombi ya Afrika Mashariki niyasome kabla yake, na ninahuzunika kuona barua nyingi zinazofanana hadi nukta, zote zimeandikwa na akili mnemba na mwenye nazo hakuongeza hata jina la kampuni. Ndugu zangu, chombo hicho kikusaidie kusahihisha lugha, lakini hakijui magunia uliyohesabu wala wateja uliowatuliza. Tusijidharau. Tunaulilia ubaguzi wa wenye miji mikubwa, na unastahili kuliliwa, ilhali sisi wenyewe tunapeleka barua isiyo na mtu ndani yake. Ni afadhali uombe kazi chache kwa mwezi ukiwa umezisoma, kuliko kusambaza barua moja kila usiku na kulala ukisema umepambana.

Anayekudai ada ya usajili, ya mafunzo au ya kifaa ili akupe kazi ni tapeli, hata awe na tovuti nzuri kiasi gani. Mwajiri hulipa, halipwi.

Ukifika mwisho wa usaili utaulizwa kama una swali. Uliza utaajiriwa au utakuwa mkandarasi, yaani mtu anayelipwa kwa mkataba bila kuwa mwajiriwa, kwa maana mkandarasi hushughulikia kodi yake mwenyewe, na uwe na namba yako ya mlipakodi ya TRA mapema. Uliza pia malipo yatakuja kwa sarafu gani, kwa njia gani, na nani atabeba gharama za kuyatuma. Mimi niliuliza, na kwa swali hilo gharama za benki ziliandikwa katika mkataba wangu kwamba ni za kampuni.