Dagaa wa mchangani na dagaa wa kichanjani: tuanze na lipi?

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama 14 tunaoanika dagaa katika mwalo (mahali mitumbwi inaposhushia samaki) wa Igombe, Ilemela, Mwanza. Tangu kazi za viwanda vya sangara zipungue, mzunguko wa fedha hapa umedorora, na msimu wa masika mzigo wetu mwingi huishia kuuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Tumeshauriwa tujenge vichanja, yaani meza za wavu za kuanikia, na tununue taa za sola za kuvulia, lakini fedha za kikoba hazitoshi yote mawili. Tuanze na lipi, na je, litatuinua kweli au ni kuongeza gharama tu?

JIBU: Anzeni na vichanja, mama. Taa za sola ni jambo jema, kwa kuwa zinamwondolea mvuvi gharama ya mafuta ya taa ya karabai kila usiku wa giza, lakini faida hiyo inaingia kwanza mfukoni mwa mwenye mtumbwi, na ninyi mnanunua samaki akiwa ameshafika nchi kavu. Mwacheni mwenye mtumbwi anunue taa zake.

Sababu yangu kubwa ni hii. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na karibu nusu yake iko Tanzania, lakini ukubwa huo haumaanishi kwamba samaki wataongezeka kwa kuwa tunawahitaji. Sangara walipopungua, nguvu nyingi ya uvuvi ilihamia kwenye dagaa, na tukiendelea kutafuta kipato kwa kuvua zaidi, tena kwa nyavu zenye matundu madogo mno, tutafika palepale tulipofika na sangara. Kipato cha nyongeza kwa mwalo kama wenu kimo ndani ya beseni ambalo tayari limeshushwa mtumbwini, kwa sababu sehemu yake nzuri inapotea kati ya mchanga na soko.

Tufanye hesabu pamoja. Dagaa wabichi wana maji asilimia 75 hivi, kwa hiyo katika kilo 100 mna kilo 25 tu za samaki mwenyewe. Mkiwakausha hadi wabaki na maji asilimia 12, ambacho ndicho kiwango cha kukauka kunakofaa kuhifadhiwa, mtapata kilo 28 na ushee. Mkiwafunga wakiwa bado na maji asilimia 20, mtapata kilo 31, na hapo ndipo wengi wetu tunapoponzwa, kwa kuwa zile kilo tatu za ziada ni maji, na maji hayo ndiyo yanayolea ukungu. Masika yaliyopita nilikuwapo soko la samaki la Mwaloni Kirumba mnunuzi alipozamisha mkono hadi kiwiko katikati ya gunia, akautoa ukiwa na dagaa walioshikana kama donge, weupe kwa ukungu, na bila maneno mengi akahamia kwa muuzaji wa pili. Mzigo unaokwenda Kongo hukaa njiani siku nyingi. Mnunuzi yule alikuwa na haki ya kuogopa.

Mchanga nao una madhara yake. Chukueni konzi mbili za dagaa wenu wakavu, muwatie ndani ya sufuria ya maji safi, mkoroge, muwatoe, kisha mtazame kilichobaki chini. Mchanga huo ndio unaomfanya mama wa mjini aseme dagaa wa ziwa wanakwaruza meno, na pamoja nao huja vimelea kutokana na kinyesi cha kuku, mbuzi na ndege wanaopita juu ya uanikaji. Hapo samaki aliyestahili kuwa kitoweo cha mtoto anashushwa daraja na kuwa chakula cha kuku, na bei inashuka naye.

Kichanja kizuri kina kimo cha kiunoni, kwa nguzo za mikaratusi ya kupandwa, si miti ya kingo za ziwa, na juu yake hutandazwa wavu wenye matundu madogo uliokazwa vizuri usilegee. Hewa inapita juu na chini, hivyo jua likiwa kali dagaa hukauka upesi kuliko wakiwa mchangani, mradi wasilaliane. Kabla ya kutandaza, waosheni kwa maji safi, wala si kwa maji ya pale pale mitumbwi inaposhushia. Angalizo la kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo jengeni vichanja vinavyong'oleka, na mzungumze kwanza na uongozi wa mwalo na afisa uvuvi wa kata.

Kwa masika, turubai la nailoni angavu lililoinuliwa kama paa litawaokoa na manyunyu, ingawa halitatosha mvua ya siku tatu mfululizo. Siku hizo nunueni kidogo, mkaange na kufungasha. SIDO Mwanza, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, watawaelekeza juu ya vifungashio na utaratibu wa kupata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Sipendekezi kukausha kwa moshi wa kuni, maana vilima vyetu vimekwisha kuwa vipara.

Mmeuliza kama hili litainua mwalo. Nguzo zitauzwa na mkulima wa jirani, vichanja vitajengwa na fundi wa hapo hapo Igombe, na dagaa wakidumu ghalani bila kuoza hamtalazimika kumuuzia mnunuzi wa kwanza anayetaja bei ya kuwaumiza. Fedha hiyo inabaki kijijini.

Msitumie akiba yote kwa mkupuo mmoja. Jengeni vichanja viwili, na kwa giza moja zima, yaani kipindi kizima cha usiku usio na mbalamwezi, gawanyeni kila mzigo nusu kwa nusu: nusu kichanjani, nusu mchangani kama mlivyozoea. Mmoja wenu aandike kwenye daftari kilo zilizoingia, kilo kavu zilizotoka, zilizoharibika, na bei iliyopatikana kwa kila upande. Kabla ya kufunga gunia, vunjeni dagaa kwa vidole: akikatika kwa mlio, amekauka, akipinda, mrudisheni juani. Mbalamwezi ikifika na mitumbwi ikapumzika, kaeni na daftari hilo, kisha mniandikie tarakimu zenu nizipitie kabla hamjajenga kichanja cha tatu.