Lori la Kijeshi Lililonirudisha Kwenye Meza ya Modeli

Kwa karibu miaka miwili sikushika gundi wala msasa. Visanduku vya modeli, yaani nakala ndogo za plastiki za magari ya vita, ndege na meli zinazounganishwa kwa mkono, vilikuwa vimepangana rafuni, rangi zilikuwa zikikauka ndani ya vichupa vyake, na mezani kulikuwa na kifaru kilichounganishwa nusu, ambacho kila nilipopita karibu yake nilihisi kinanidai. Kilikuwa kimebakiza mamia ya pingili za minyororo za kuunganishwa moja moja, pamoja na vipande vya shaba vyembamba kama karatasi ambavyo kila kimoja kilitakiwa kukunjwa kwa uangalifu kabla ya kubandikwa. Nilijiambia kwamba nimechoka. Nilipokuja kulitafakari jambo hili vizuri nikagundua kwamba sikuwa nimechoka kujenga, bali nilikuwa nimeugeuza ujenzi kuwa mtihani. Kila modeli ilipaswa kuipita iliyotangulia, kila kosa lilipaswa kufutwa lisionekane hata kwa kioo cha kukuzia, na kazi isiyoruhusiwa kuwa na kosa huahirishwa hadi kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo.

Kilichonirudisha mezani ni lori. Namwandikia mtu ambaye ameipoteza hamu kama nilivyoipoteza mimi, kwa sababu naamini uchaguzi wa kitu cha kujenga una uzito mkubwa kuliko tunavyodhani, na kwamba lori la kijeshi lina sifa ambazo kifaru, ndege na meli hazina kwa mtu aliye katika hali hiyo.

Nililolichagua ni GMC CCKW, lori la Marekani la tani mbili na nusu la wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika kipimo cha 1:35, yaani dogo mara 35 kuliko lori halisi. Kwa kipimo hicho lori huwa na urefu wa sentimita 19 hivi, yaani hutosha kushikwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipaka rangi, na vipande vyake si vidogo kiasi cha kuyachosha macho. Sikununua nyongeza yoyote: hakuna shaba, hakuna matairi ya resini, hakuna mizigo ya ziada. Niliamua kujenga kilichomo kisandukuni na hicho tu. Ikiwa utachukua shauri moja tu kutoka kwangu, chukua hilo, kwa kuwa kila nyongeza unayoiagiza huleta kipindi cha kungoja, na hamu changa haiwezi kuvumilia kungoja.

Kuhusu kipimo chenyewe, kuna jambo lililonisaidia kulegeza mabega. Kipimo cha 1:35, ambacho wengi wetu tunakiheshimu kana kwamba kiliteremshwa na wahandisi, kilianzia kwenye modeli ya kifaru cha Kijerumani cha Panther iliyotolewa na kampuni ya Tamiya ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambayo mwili wake ulipangwa kwa ukubwa wa kuweza kubeba mota na betri. Modeli nyingi zilizofuata zikafuata kipimo hicho hicho. Ikiwa msingi wa hobi yetu uliwekwa na ukubwa wa betri, nami sina sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya bampa iliyozidi nusu milimita.

Ubora wa kwanza wa lori ni kwamba hujengwa kwa mafungu, na kila fungu likikamilika huonekana kuwa kitu kamili. Kuna chasisi, kuna injini, kuna kabini, kuna bodi la mizigo, na kuna turubai. Katika kifaru unaweza kufanya kazi majuma mawili na bado ukawa na sanduku la plastiki lenye magurudumu, lakini katika lori jioni moja hukupa injini nzima iliyosimama mezani, na jioni ya pili hukupa ekseli mbili za nyuma zikiwa na difu zake na propela shafti inayoziunganisha. Kwa mtu aliyezoea kuacha mambo njiani, kumaliza kitu, hata kiwe kidogo kama radieta, ni dawa. Nilijiwekea utaratibu wa kukaa mezani nusu saa tu, kumaliza kipengele kimoja, na kabla ya kuinuka kukata kutoka kwenye fremu za plastiki zinazoshikilia vipande vya modeli vipande viwili au vitatu vya kesho na kuvisugua kingo. Kwa namna hiyo kila jioni nilikuta kazi rahisi ikinisubiri, na sehemu iliyo ngumu zaidi, yaani kuanza, ilikuwa imekwisha kufanywa tangu jana yake.

Chasisi ndiyo inayotaka subira yako yote, na hapo sitakuambia ufanye haraka. Ni mihimili miwili mirefu inayoshikwa na vipande vya kukingama, na ikipinda hata kidogo, gari zima litakaa upande. Lori hili lina magurudumu kumi, mawili mbele na manane nyuma, kwa kuwa kila ekseli ya nyuma hubeba matairi pacha kila upande. Yote yanapaswa kugusa sakafu kwa pamoja. Iunganishe chasisi juu ya kipande cha kioo, kwa sababu meza nyingi za mbao hazikunyooka kama zinavyoonekana, na uvijaribu vipande vikiwa vikavu kabla ya kutia gundi. Gundi nyepesi ya polistaireni, yaani ya plastiki ya modeli, haibandiki kama gundi ya karatasi, bali huyeyusha uso wa plastiki ili pande mbili ziungane, kwa hiyo unakuwa na dakika kadhaa za kunyoosha kabla kiungo hakijashika, na saa nyingi kabla hakijakauka kabisa.

Mimi niliharakisha. Asubuhi yake nikakuta gurudumu la nyuma la kushoto limeinuka juu ya kioo kwa unene wa kadi ya posta. Zamani ningekirudisha kila kitu kisandukuni na kisanduku rafuni. Safari hii nilipaka gundi mbichi kwa brashi nyembamba kwenye kiungo cha springi, nikangoja kilainike, nikalikandamiza gurudumu hadi likagusa kioo, kisha nikaweka kitabu kizito juu ya chasisi na kwenda zangu hadi siku iliyofuata. Likanyooka. Jambo hilo dogo ndilo lililonigeuza, nami naliona hadi leo kuwa ndiyo siku niliyorudi kwenye hobi hii: nilikuwa nimekosea, nikarekebisha kwa dakika kumi, na hakuna kilichoharibika.

Baada ya hapo nilianza kusoma juu ya gari lenyewe. Jina lake si herufi zilizotupwa ovyo: katika mpangilio wa kiwanda, C ya kwanza ni mwaka wa usanifu wa 1941, C ya pili ni kabini ya kawaida, K ni ekseli ya mbele yenye kuendeshwa na injini, na W ni ekseli mbili za nyuma zenye kuendeshwa. Ukiijua maana hiyo, propela shafti uliyoibandika chini ya gari haiwi tena kipande namba kadhaa katika karatasi ya maelekezo. Unaelewa kwa nini ipo, inakwenda wapi, na kwa nini difu zimekaa zilivyokaa. Yalitengenezwa zaidi ya malori 500,000 ya jamii hii kufikia mwaka 1945, ya mizigo, ya mafuta, ya maji na ya karakana.

Kazi yake iliyosifika zaidi ilikuwa Red Ball Express, msafara wa ugavi ulioanza tarehe 25 Agosti 1944 na kukoma tarehe 16 Novemba mwaka huo huo, baada ya majeshi ya Washirika kutoka Normandia na kusonga mbele Ufaransa kwa kasi iliyoziacha bohari zao mbali nyuma, huku reli zikiwa zimeharibiwa na mabomu. Ilitengwa barabara moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, kutoka Saint-Lô hadi Chartres kwa kuanzia, na raia hawakuruhusiwa kuzitumia. Siku chache tu baada ya kuanza, karibu magari 6,000 yalibeba tani zaidi ya 12,000 kwa siku moja. Takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, watu waliotumikia katika jeshi lililowatenga kwa rangi yao, na ambao walikesha kwenye usukani ili vifaru vya mbele visikaukiwe mafuta. Vifaru hivyo ndivyo vinavyojaza rafu zetu, wakati malori yaliyovilisha hatuyajengi mara nyingi. Nilipolijua hilo vizuri, sikuweza tena kuliona lori langu kuwa zoezi la kupasha viungo moto.

Historia hiyo ilinipa pia jawabu la swali la rangi na uchakavu. Kanuni za msafara ziliweka mwendo wa maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40, ingawa madereva wengi waliuzidi, na magari yalipakiwa kupita kiwango kilichoandikwa kiwandani. Gari lililofanya kazi namna hiyo kiangazi lina vumbi kwenye madigadi na chini ya milango, mafuta yaliyovuja kuzunguka difu, michubuko kwenye mbao za bodi pale masanduku yalipoburutwa, na kioo cha mbele chenye pinde mbili safi zilizofutwa na wipa. Halina sababu ya kuwa na kutu kila mahali, kwani mengi yake yalikuwa mapya kabisa. Ukijua gari lilifanya nini, mkono wako unajua pa kuweka vumbi na pa kuacha.

Rangi ya kijani cha zeituni ni moja kwa gari zima, na hii ni neema kwa mtu anayerudi, kwa kuwa hakuna mabaka ya kufunika kwa tepu wala mpaka wa rangi tatu. Tatizo lake ni kwamba rangi ikiwa ile ile kamili ya gari halisi huonekana nzito mno kwenye kitu kidogo; ichanganye na rangi ya ngozi au njano iliyopauka hadi iwe nyepesi kidogo kuliko unavyofikiri inafaa. Anza na rangi ya msingi, nyeusi au ya kijivu, kisha upake kijani kwa matabaka membamba ukiyaacha maeneo ya kivuli yabaki meusi kidogo. Turubai lipe kijani kingine kinachoelekea kahawia, maana kitambaa hakipauki kama bati. Ndani ya kabini paka kwanza kabla hujabandika paa. Ukitumia kipulizia rangi, fungua dirisha na uvae barakoa yenye kichujio, na hili lisipuuzwe hata kwa rangi zinazodaiwa kuwa hazina madhara.

Vioo vya kabini vilinifundisha kwa ukali. Nilikibandika cha kwanza kwa gundi ya papo kwa papo, na mvuke wake ukakitia ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Ilinibidi nikisugue kwa msasa laini wa maji kisha nikipitishie vanishi ya kung'aa, na mpaka leo ukikiinamisha kwenye mwanga utaliona wingu dogo pembeni. Cha pili nilikibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani. Nyota nyeupe na namba za usajili nazo zinahitaji uso unaong'aa: pitisha vanishi ya kung'aa kwanza, loweka nembo, yaani kibandiko chembamba kilicho juu ya karatasi, kwenye maji, itelezeshe mahali pake, uibane kwa brashi ili hewa itoke, na mwisho kabisa ndipo upitishe vanishi isiyong'aa. Ukibandika juu ya rangi iliyopooza, hewa hunaswa chini yake na nembo hubaki na mng'ao wa fedha kuizunguka.

Uchakavu niliufanya kwa jioni tatu tu, kwa makusudi. Jioni ya kwanza nilipitisha rangi ya mafuta ya kahawia nyeusi iliyoyeyushwa mno kwa tina, nikaiacha iingie kwenye mifereji na kuzunguka bolti. Jioni ya pili nilisugua kingo kwa brashi karibu kavu yenye rangi nyepesi. Jioni ya tatu nikatia unga wa vumbi kwenye matairi na madigadi. Kisha nikaacha, ingawa mkono ulitaka kuendelea, kwani najua kwamba modeli zangu nyingi zilizoharibika ziliharibika baada ya kuwa zimekwisha kukamilika.

Kuanzia kufungua kisanduku hadi kulisimamisha rafuni zilipita wiki saba. Lina wingu kwenye kioo, lina mshono mmoja chini ya tanki la mafuta ambao sikuuziba kwa puti kwa sababu hauonekani gari likiwa limesimama, na magurudumu yake kumi yote yanagusa chini. Kifaru nimekirudisha kwenye kisanduku chake, pingili zikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, wala sijakiwekea tarehe. Kwa sasa mezani kuna trela la tani moja la magurudumu mawili, la namna iliyokuwa ikivutwa na malori hayo. Fremu yake imekauka usiku wa jana, na matairi nimeyachomeka kwenye vijiti vya meno, tayari kupakwa rangi jioni hii.