Fundi Anajibu: Mkono unaruka, na faili halifunguki

SWALI: Fundi, salaam. Nafundisha hesabu Tanga. Najirekodi ubaoni kwa kamera ya USB ili wanafunzi wa kidato cha pili waliokosa kipindi waangalie kwenye simu za wazazi. Laptopu yangu ya zamani, RAM GB 4, ina mfumo wa Ubuntu. Programu za kurekodi zinaielemea. Kijana mmoja akanipa amri hii ya ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -f v4l2 -video_size 1280x720 -i /dev/video0 somo.mp4

Inarekodi, ila mkono unaruka-ruka nikiandika, na sauti hamna. Juzi umeme ulikatika dakika ya 35, na betri yangu ilishakufa. Faili lipo, uzito linao, halifunguki. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu, basi tupige hesabu. 1280 mara 720 ni pikseli 921,600. Kamera ikituma picha mbichi, ile inayoitwa YUYV, kila pikseli hula baiti 2. Fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde zinakuwa baiti milioni 55 na ushee. USB 2.0 kwenye karatasi hupitisha milioni 60, lakini njia yenyewe ina ushuru wake, haifiki huko. Kwa hiyo kamera inapunguza fremu kimyakimya. Sakinisha kifurushi cha v4l-utils, kisha iulize:

v4l2-ctl --list-formats-ext

Yangu ilijibu fremu 10 kwa YUYV ya ukubwa huo, na 30 kwa MJPG, ambayo hubana kila fremu kabla ya kuituma. Kama yako nayo inayo, iagize hiyo:

ffmpeg -f v4l2 -input_format mjpeg -framerate 30 -video_size 1280x720 -i /dev/video0 -f pulse -i default -c:v libx264 -preset ultrafast -pix_fmt yuv420p -c:a aac somo.mkv

Mpangilio usiuchezee. Maneno ya kamera yatangulie /dev/video0, ambalo ndilo jina la kamera. Ukiyaweka baada yake, ffmpeg inadhani unazungumzia kinachofuata, maikrofoni au faili linalotoka. Sauti inaingia kwa "-f pulse -i default", na "-c:a aac" inaihifadhi kwa namna ambayo simu husoma. Neno "ultrafast" linaipunguzia kazi laptopu yako, ila faili litanenepa. Na hilo yuv420p usilidharau: bila hilo rangi hubaki katika mpangilio ambao simu nyingi hazifungui, halafu mzazi anakupigia kwamba umemtumia kitu kibovu.

Sasa lile faili. MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa, ukishasimamisha. Umeme ukikatika kabla, picha zote zimo ndani lakini kisomaji hakijui ipi inaanzia wapi. MKV, aina nyingine ya faili la video, huandika taarifa zake huku inaendelea, hivyo ukikatikiwa dakika ya 35 unapoteza sekunde chache tu. Ukimaliza salama, igeuze:

ffmpeg -i somo.mkv -c copy somo.mp4

Hapo inahamisha tu, haibani upya. Somo zima huchukua sekunde kadhaa. La juzi usilifute. Iko programu inaitwa untrunc, hujaribu kufufua faili la namna hiyo kwa kufuata mfano wa faili zima lililorekodiwa kwa kamera ileile na amri ileile. Sikuahidi, lakini jaribu.

Kusimamisha, bonyeza herufi q. Usifunge dirisha! Mimi nilimrekodi mjomba akisimulia ukoo wetu ulivyohama, saa nzima, katika MP4, nikafunga dirisha kwa alama ya X. Nilipomrudia akaniuliza kama nilikuwa nimelala alipokuwa akisema. Hadi leo hajarudia.

Mkono ukiruka jioni tu na mchana uko sawa, hiyo si amri wala USB. Kamera nyingi gizani hurefusha muda wa kila fremu ili zipate mwanga. Sogeza taa karibu na ubao.