Kabla hujautupa mlango wa zamani, fungua kitasa

Tangu mvua zianze, maswali ya milango yamezidi ya makabati na vitanda. Nimechukua matano ambayo wengi mmeyauliza kwa maneno tofauti.

Fundi, shikamoo. Mlango wa chumba cha mama ni wa tangu nyumba ijengwe, miaka ya 1970. Vanishi imebanduka, na pale mkono unaposhika pamekuwa peusi kabisa. Ndugu zangu wanataka tununue mpya. Huu unaweza kurudi? (Morogoro)

Marahaba. Msitoe hela yoyote kabla hamjafungua kitasa. Legeza skrubu, kivute nje, kisha mulika lile tundu kwa tochi ya simu. Ukiona mbao ni moja, nyuzi zake zinakwenda bila kukatika toka uso huu hadi uso wa pili, mna mlango wa mbao nzima. Ukiona plaiwudi mbili nyembamba zimebana kipande cha mbao katikati, huo ni flashi, na msasa mkali utautoboa uso wake mara moja.

Kwa nyumba ya umri huo huko Morogoro, sitashangaa ukikuta mninga. Kwangua kidogo ndani ya tundu, mahali pasipoonekana. Mninga una ukahawia wenye wekundu na michirizi ya giza, na ukiulowesha kwa tone la maji rangi inawaka palepale. Ni mbao isiyojikunja ovyo, ndiyo maana milango yake hufunga vizuri baada ya miaka hamsini. Mkiutoa huo mkaweka flashi ya bei poa, mmefanya biashara ya hasara, na nawaomba sana msifanye.

Ule weusi ni mafuta ya mikono na vumbi. Uusafishe kwanza kwa kitambaa chenye tapentaini, ukibadilisha kitambaa mpaka kitoke kisafi. Ukianza na msasa, unayashindilia mafuta ndani ya vinyweleo vya mbao, na vanishi mpya haitashika hapo.

Fundi wetu alitumia grinda kuondoa vanishi ya zamani. Sasa mlango unang'aa lakini una alama za duara, kama mtu ameweka glasi za chai. Tukiongeza mkono mwingine wa vanishi zitapotea? (Dodoma)

Hazipotei, zitazidi kuonekana. Vanishi ni kama maji kwenye kokoto: chochote kilicho chini yake inakitoa nje. Hapa pole sana, maana kazi inabidi irudiwe.

Ushushe mlango kwenye bawaba, uulaze juu ya meza au stuli mbili. Toa vanishi yote, kisha funga msasa namba 80 kwenye kipande cha mbao kinachoenea mkononi na usugue kwa kufuata uzi wa mbao, kamwe usiukate uzi. Duara zikiisha, nenda namba 120, halafu 180. Usiruke hatua, kwa sababu kila namba inafuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Kwenye mlango wa paneli anza na paneli zenyewe, kisha mbao za kulala, mwisho za kusimama. Hivyo mikwaruzo inayovuka pale zinapoungana inafutwa na mkono wa mwisho.

Sasa kipimo, na hiki ndicho mafundi wengi hukiruka. Pangusa uso wote kwa kitambaa chenye tina kidogo (kile kimiminika cha kuzimulia rangi), halafu weka taa ubavuni, siyo juu. Kabla tina haijakauka utaona mlango utakavyokuwa ukishapakwa. Kama kuna duara hata moja, itajitokeza hapo, na bado una nafasi ya kuirudia.

Nyumba ya babu iko Mji wa Kale. Milango ya ndani imepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, nataka kufikia mbao. Nina mtoto wa miaka miwili. Nianze na msasa gani? (Mombasa)

Usianze na msasa wowote, dada yangu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na ukizisugua kavu unaijaza nyumba vumbi lenye sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba. Vigae vya rangi hiyo vina utamu kidogo, ndiyo maana mtoto akivionja huvirudia.

Mlango utolewe nje, uwekwe juu ya nailoni, upakwe dawa ya kutoa rangi, kisha ukwanguliwe ukiwa mbichi. Vaa glavu na barakoa ya vumbi. Usitumie moto. Mabaki yafungwe kwenye nailoni hiyohiyo, sakafu ipigwe deki, isifagiliwe. Mtoto alale kwa bibi mpaka kazi iishe.

Mlango unakwama kila masika, kiangazi unafunga vizuri. Nipige randa? (Tanga)

Subiri ukauke. Ukipiga randa sasa, kiangazi utaona mwanga kwenye fremu. Mbao hunywa unyevu na kutanuka upana, urefu haubadiliki sana. Uking'oa mlango, pitisha kidole ukingo wa chini: mara nyingi ni mkavu, haukuwahi kuguswa na brashi, kwa sababu hakuna anayeuona. Huko ndiko unyevu unakoingilia. Ukishakauka, paka vanishi ukingo wa juu na wa chini, mikono miwili au mitatu.

Tumepiga sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao) na kliya (ile ya juu isiyo na rangi) jana jioni mvua ikinyesha. Asubuhi mlango una ukungu mweupe. Tumeuziwa feki? (Dar es Salaam)

Huenda dawa ni nzima. Tina inaporuka haraka huupoza uso, na unyevu wa hewa unagandia humo kabla kliya haijakauka. Ngoja siku ya jua, upulize tina kidogo sana juu yake; tabaka litalainika na ukungu utatoka. Ukibaki, piga msasa namba 240 kwa mkono mwepesi, kisha pulizia upya kuanzia saa nne asubuhi, hewa ikishakauka.