Ukungu Ukifunika Uwanja, Panda Juu

Vijana mnaosomea urubani Soroti, Uganda, ipo ajali moja ya kuisoma kabla ya nyingine zote. Tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines, ikitoka London Gatwick kuja Entebbe kupitia Roma, ilianguka karibu na uwanja wa Fiumicino, usiku, kwenye ukungu. Kati ya watu 52 waliokuwamo, 33 walikufa.

Marubani walikuwa wamekwishajaribu kutua mara mbili wakashindwa. Mara ya tatu walielekea njia ya kutulia ya 34 kushoto kwa utaratibu usio na mwongozo wa mteremko, yaani usioonyesha kama ndege iko juu mno au chini mno. Wachunguzi walisema hawakuwa wamejiandaa vya kutosha kwa utaratibu huo, hasa katika kutajiana vimo, wakashuka chini ya kiwango cha mwisho, yaani kimo kisichoruhusiwa kupitwa kabla ya kuiona njia, bila kuiona. Uchovu nao ulitajwa.

Tofauti ya utaratibu ndiyo ya kuielewa vizuri. ILS, mfumo wa redio unaoongoza ndege kutua, ya daraja la kwanza inakuweka katikati ya njia na kukuteremsha kwa nyuzi 3 hadi futi 200 juu ya ardhi, ndipo uamue. Mwongozo wa mteremko ukikosekana, redio inakuonyesha kushoto na kulia tu. Kimo unakilinda mwenyewe. Ndege yenye mwendo wa noti 140 (maili 140 za baharini kwa saa) inashuka takriban futi 700 kwa dakika, kwa hiyo sekunde 10 za kusitasita zinakula zaidi ya futi 100. Altimita, yaani kipima kimo, iliyowekewa shinikizo la hewa lililozidi kwa hektopaskali 10 inakudanganya karibu futi 300, nawe uko chini kuliko inavyosoma. Entebbe iko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari: altimita ikisoma 3,900, umebakiza kama 120 tu.

Kwa hiyo kubalianeni kabla ya kuanza kushuka: kiwango cha mwisho, njia ya kupandia mkishindwa, uwanja wa akiba, na mafuta ya kufika huko pamoja na dakika 30 za ziada. Mkishindwa mara mbili na hali ya hewa haijabadilika, ondokeni. Asiyeshika usukani ataje kwa sauti: futi elfu moja, mia tano, futi mia moja kabla ya kiwango, kiwango. Ikifika futi 1,000 magurudumu, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) na mwendo viwe tayari. Kwenye kiwango, kama taa hazionekani, ongezeni nguvu ya injini, inueni pua, punguzeni flapu hatua moja, hakikisheni ndege inapanda, kisha kunjeni magurudumu.

Ukungu mwembamba ni hatari zaidi ya unavyoonekana. Ukiwa juu unaiona njia yote, ukiingia ndani inatoweka, na macho yanakuambia pua ya ndege imeinuka. Anayeyaamini anaisukuma chini.

Abiria nao wana lao. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air ilitumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, walikufa 19. Entebbe nayo imepakana na ziwa hilohilo. Hesabu viti hadi mlango wa dharura, jua jaketi la kuokolea liko wapi, na usilijaze hewa ukiwa bado ndani: maji yakiingia litakubana darini. Mizigo iache. Na rubani akitangaza kwamba mnapelekwa Nairobi, msiwagombeze wahudumu. Huyo amefanya kazi yake.